Kishikio cha Mlango wa Abiria

Kishikio kilikuwa na joto. Si joto la jua, maana asubuhi ile ya Machi 2015 jua la Louisville lilikuwa la kutazama tu, na watu waliozunguka kati ya meza za vipuri walikuwa wakitoa mvuke mdomoni. Lilikuwa joto la kiganja, kama vile mtu alikishika muda mrefu na amekiachia sasa hivi.

Nshombo alikirudisha mezani haraka, akajifuta mkono kwenye suruali. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho, naye alijua kwamba lile jasho halikuwa lake.

Hadi hapo siku ilikuwa imemwendea vizuri kuliko alivyozoea. Kule Columbus, jiji la Amerika anakoishi, Nshombo ni mtu wa kuhamisha maboksi ghalani, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa, akiamrishwa na vijana anaoweza kuwazaa. Lakini Bukavu, kabla ya vita, alikuwa fundi. Zile gari ndogo zenye mgongo wa mviringo, ambazo Wakongo wanaziita Coccinelle na Wakenya wanaziita Volks, alikuwa akijua ugonjwa wake kwa kusikia injini ikiunguruma tu. Ndiyo maana Festus alimbembeleza waende pamoja kwenye soko hilo la vipuri vya magari ya zamani. Festus ni Mkenya aliyekuja kusoma akabaki, ana kazi ya kompyuta na nyumba huko Hilliard, na gerejini kwake imelala Volks ya mwaka 1967 isiyo na stata, isiyo na fenda mbili za mbele, na isiyo na kishikio cha mlango wa abiria. Orodha alikuwa nayo. Alichokosa ni jicho la kutofautisha kipuri kizima na kipuri kilichopakwa rangi kikafichwa ubovu.

Walitoka Columbus kila mtu na gari lake, Festus na pikapu, Nshombo na vani ya familia, kwa sababu fenda zinakula nafasi.

Uwanja wa maonyesho ulikuwa umejaa mpaka kwenye uzio. Kulikuwa na milango imeegemezwa kama vitabu, kabureta kwenye ndoo, rimu, taa zilizopasuka, namba za gari za majimbo ambayo Nshombo hakuwahi kuyasikia, na wazee wa Kizungu wenye kofia wakivuta vigari vya mkono na kubishana juu ya skrubu. Kulinukia grisi na vitunguu vya kukaanga. Nshombo alipindua stata tatu, akazinusa, akazikataa. Ya nne aliizungusha kwa kidole, akaisikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Mzee mmoja aliyekuwa akitazama akamwomba amkagulie na ya kwake. Akaja mwingine. Kufika saa nne, Nshombo alikuwa na watu watano nyuma yake wakimwuliza maswali, na Festus akawatafsiria huku akitamba kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa fundi huyo. Nshombo alijisikia mtu. Alikuwa hajajisikia hivyo kwa miaka mingi, na mimi namwonea huruma kidogo kwa saa zile mbili, kwa kuwa ndizo za mwisho.

Halafu akashika kile kishikio.

Festus alikuja, akakiokota. "Ai, mzee, hii ndiyo tunatafuta. Passenger side kabisa." Akakigeuzageuza. "Imekuwa baridi hadi inauma vidole."

"Baridi?" Nshombo aliuliza.

"Si ushike mwenyewe."

Hakushika. Muuzaji naye alikichukua, akakipulizia, akakifunga kwenye gazeti, na Festus akamkabidhi Nshombo akiweke ndani ya vani pamoja na fenda. Nshombo angeweza kusema kwamba hakitaki garini mwake. Lakini angeeleza nini? Mtu aliyeheshimiwa na uwanja mzima aanze kusema anaogopa kipande cha chuma? Alikipokea. Kupitia lile gazeti alihisi joto likimpanda mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Alipofika kwenye vani alisikia nyuma yake mtu akipiga bodi ya gari kwa kiganja. Pa, pa. Mara mbili, taratibu. Aligeuka. Gari la karibu lilikuwa hatua kumi, na mwenyewe alikuwa amelala chini yake akifungua kitu. Hapo ndipo harufu ilipomjia, katikati ya grisi na vitunguu: harufu ya sambaza waliokaushwa, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, harufu ya gunia zima lililofunguliwa kwenye gari lililofungwa vioo.

Kaka yake Nshombo, Sylveri, alikuwa mchuuzi wa sambaza. Ilikuwa Coccinelle ya Sylveri, si ya Nshombo, na viti vyake vilinuka samaki hata vikioshwa kwa sabuni.

Watu wote wa kanisa lao Columbus wanamjua Sylveri. Nshombo ameshatoa ushuhuda wake mara tatu, na mara ya mwisho vijana walimrekodi kwa simu, video ikazunguka. Alisimama mbele, akaeleza jinsi Bukavu ilivyoanguka Oktoba 1996. Mkewe Emérence alikuwa na mimba ya miezi sita, wakamlaza kiti cha nyuma na kumfunika godoro asipigwe risasi. Gari halikuwa na stata, lilikuwa la kusukumwa siku zote. Sylveri akasukuma, injini ikawaka, risasi ikampata mgongoni. Alipoanguka alipaza sauti: "Enda! Okoa mama na mtoto!" Hapo kanisa zima hulia, na Jolie, ambaye ndiye ile mimba, sasa msichana wa miaka kumi na minane, hushika mkono wa baba yake.

Ni ushuhuda mzuri. Siku hiyo ya soko waliondoka Louisville saa saba mchana, Festus mbele na pikapu yake, na Nshombo hakuwa amefika hata kwenye barabara kuu wakati kengele ilipolia.

Ilikuwa ile kengele ya mkanda, inayolia mtu akikaa kiti cha mbele bila kujifunga. Ting, ting, ting. Taa ndogo nyekundu ikawaka upande wa abiria. Kitini hapakuwa na kitu. Kishikio kilikuwa nyuma, kwenye gazeti lake, juu ya fenda. Nshombo alipapasa kiti kwa mkono wa kulia, akidhani labda kuna chupa au simu, na mkono wake ukakuta kitambaa kimebonyea na kina joto, akaurudisha kwenye usukani kama aliyegusa jiko.

Aliegesha kwenye kituo cha mapumziko, mchana kweupe, familia zinakula mikate kwenye benchi. Alifungua mlango wa abiria, akatikisa kiti, akafunga. Kengele ikanyamaza. Aliporudi barabarani ikaanza upya, naye akapandisha redio, lakini kengele ilikuwa inapita katikati ya muziki, na harufu ya sambaza ikazidi mpaka machozi yakamtoka, na kila alipopunguza mwendo kufuata magari ya mbele alisikia nyuma, kwenye bodi ya gari lililokuwa likikimbia maili sitini kwa saa, kiganja cha mtu kikipiga pa, pa, na kila alipoongeza mwendo kile kiganja kikaacha, halafu kikasikika tena karibu zaidi, ubavuni, karibu na mlango, mpaka akawa anaendesha bila kuthubutu kutazama kioo cha pembeni, kwa sababu alijua kioo kile kingemwonyesha nini, alishatazama kioo kama hicho mara moja maishani na hakuwahi kumwambia mtu alichokiona.

Alichokiona ni hiki. Ndugu wawili wenye gari la kusukuma huwa na utaratibu wao. Mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine anasukuma. Injini ikishika, dereva hasimami, maana itazima. Anapunguza tu, na anayesukuma anapiga bodi mara mbili, kumaanisha niko hapa, napanda. Anakimbia ubavuni, anavuta kishikio, anaruka ndani. Mlango wa Coccinelle ile ulikuwa na tabia ya kukwama, kwa hiyo dereva ilimpasa ainame aufungue kutoka ndani. Walifanya hivyo kila asubuhi kwa miaka minne wakicheka.

Siku ile injini ilishika. Risasi zilikuwa zinalia kule chini, mbali bado. Nshombo alisikia bodi ikipigwa mara mbili. Aliona vidole vya kaka yake kwenye kishikio. Hakuinama. Alikanyaga mafuta. Kwenye kioo alimwona Sylveri amesimama katikati ya barabara, mzima, hana tone la damu, mikono imening'inia. Hakupaza sauti yoyote. Chini ya godoro Emérence aliuliza, Sylveri yuko wapi, na mumewe akajibu, wamempiga. Maneno mengine yote ya ushuhuda aliyatunga baadaye, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, moja baada ya jingine, na kila alipowaona watu wakilia aliona haya, na haya ile ikamfanya aongeze jingine.

Walifika Whitehall, kwenye majengo ya kupanga wanapokaa, saa kumi na moja jioni. Festus alikwenda zake Hilliard, akasema atachukua vipuri Jumatatu. Emérence alishuka kumsaidia mumewe. Alifungua mlango wa abiria, akaweka mkono kitini, akakunja uso.

"Papa Jolie, ulipakiza nani? Kiti iko moto."

"Festus," Nshombo akasema. "Tulibadilishana magari kidogo."

Uongo mwingine, mdogo, wa bure. Ulimtoka kabla hajafikiri. Emérence alinusa hewa ya ndani ya gari, akamtazama mumewe.

"Na hii sambaza? Bon, Mukenya naye anakula sambaza?"

Nshombo aliufunga mlango. Alibeba begi lake akapanda ngazi.

Jumapili kengele ililia njia nzima ya kwenda kanisani na njia nzima ya kurudi. Hakuna aliyetaka kukaa mbele. Jolie alisema kwa Kiingereza kwamba ni kihisi cha kiti kimeharibika, lakini alikaa amejibana kwenye kona ya nyuma, na walipofika kwenye taa nyekundu yeye ndiye aliyesikia bodi ikipigwa, akaanza kulia bila sauti. Emérence hakungoja zaidi. Alimwita mama Kostansia.

Mama Kostansia ndiye anayeongoza kikundi chao cha maombi, wanachokiita chambre. Ni mwanamke mfupi wa kutoka Uvira. Siku za kazi anaosha wazee kwenye nyumba ya kulelea, na Jumapili anatoa pepo. Alikuja saa nane mchana na wanawake wawili. Wakaizunguka vani pale pale maegeshoni, majirani wakitazama kutoka kwenye vibaraza, na Nshombo akatamani lami ipasuke aingie. Kostansia aliweka mkono kwenye boneti, akaanza kukemea kwa sauti yake ya kazi. Baadaye akapunguza. Akanyamaza. Akazunguka hadi mlango wa abiria, akasimama pale kama anayesikiliza mgonjwa akihema.

"Hii haiko shetani," alisema polepole. "Shetani anapigana. Huyu hapigani. Huyu anangoja tu."

"Anangoja nini, mama?" Emérence aliuliza kwa sauti ya chini.

"Anangoja wamufungulie."

Wote wakamtazama mwenye gari. Nshombo alitazama viatu vyake. Ningependa kuwaambia kwamba wakati ule alisema ukweli. Alikuwa na nafasi, mkewe alikuwa mbele yake, na hakuna aliyekuwa amemshika koo. Alisema pengine ni kile kishikio, wakirudishe Louisville au wakitupe. Akaenda nyuma ya vani, akakitoa kwenye gazeti ili kuwaonyesha, na Emérence akakipokea. Akashtuka kwa joto lake, lakini hakukiachia.

Simu ya Emérence ikalia kwenye mkono wake mwingine. Namba ilikuwa ya Buffalo. Emérence huwa anaweka simu kwenye spika siku zote, hata dukani, na Jolie humgombeza kwa hilo. Aliweka spika.

Mtu wa upande wa pili alijitambulisha kwa adabu. Anaitwa Rudasingwa, amefika Buffalo miezi miwili iliyopita akitokea kambi ya Nakivale, Uganda, na namba hii amepewa na wachungaji. Akauliza kama hapo ni kwa Nshombo wa Bukavu, mdogo wa Sylveri.

"Ndiyo, njo hapa kwake," Emérence alisema. "Lakini Sylveri alikufaka tangu vita, papa."

"Hapana, mama," Rudasingwa alisema. "Alikufa jana. Saa kumi na moja ya jioni, saa za kule. Tulikuwa majirani kambini, miaka minane. Mapafu ndiyo yamemmaliza."

Saa kumi na moja ya jioni kule ni saa nne ya asubuhi Louisville. Nshombo alipiga hesabu hiyo bila kutaka, akiwa amesimama palepale kama mti.

Rudasingwa aliendelea, kwa upole wa mtu anayepeleka msiba. Alisema ile video ya ushuhuda ilifika Nakivale kabla ya Krismasi. Vijana walimwonyesha Sylveri kwenye simu, wakidhani atafurahi kumwona ndugu yake yu hai. Aliitazama yote, akaomba airudie. Vijana walikasirika, walitaka kupiga simu Amerika siku hiyohiyo. Sylveri aliwakataza.

"Alisema, musimupatishe haya. Alisema moteri ilikuwa inalia sana, ndugu yangu hakunisikia. Miaka yote alikuwa anasema vile. Hakunisikia tu."

Kostansia alivuta kitenge chake, akafunika mdomo. Jolie alimwuliza baba yake kitu kimoja, kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtoto mdogo: kama alisikia. Nshombo alifungua mdomo. Alitafuta uongo, kwa mazoea, na kwa mara ya kwanza hakuupata.

"Nilisikia," alisema. "Alipiga mara mbili. Niliona na vidole vyake."

Jolie alirudi nyuma hatua moja, kisha akageuka akapanda ngazi. Emérence hakulia. Aliiweka simu sikioni, akauliza matanga yatakaliwa wapi. Rudasingwa alisema watu wachache wa Nakivale waliopo Buffalo wamekusanyika kwake, hawakuwa na mwingine wa kumpigia. Emérence akasema wanakuja sasa hivi.

Alifungua mlango wa nyuma wa vani, akaingia, akakaa. "Mi nitakaa nyuma," alimwambia mumewe. "Sawa na siku ile."

Nshombo aliingia, akazungusha ufunguo. Vani haikukohoa hata kidogo. Taa zote mbele yake zilikuwa zimekufa. Alijaribu tena, na tena. Kama fundi alijua kwamba gari la gia za otomatiki hata ulisukume mpaka Cleveland haliwaki, na alijua kwamba maegesho yale yana mwinuko. Kostansia na wenzake walikuwa wamesimama mbali, kwenye ukuta, mikono yao inaonekana yote.

Vani ikaanza kwenda. Ilipanda taratibu, kwa mikupuo midogo, kama inavyokwenda gari linalosukumwa na mtu mmoja mwenye mapafu mabovu, na nyuma, chini ya sauti ya matairi, kulikuwa na mhemo, mtu anavuta pumzi, anasukuma, anavuta pumzi, anasukuma, na harufu ya sambaza ikajaa mpaka Emérence akaanza kutaja jina la Yesu kwa kunong'ona, na hapo injini ikashika kwa ngurumo ambayo haikuwa ya vani ile hata kidogo, ilikuwa ngurumo ya Coccinelle, nyembamba na ya haraka, na bodi ikapigwa mara mbili.

Mguu wa Nshombo ulikuwa juu ya pedali ya mafuta. Woga wa siku ile ulikuwa uleule, haukuwa umezeeka hata siku moja, na ulimwambia akanyage.

Alikanyaga breki. Aliinama, akanyoosha mkono, akafungua mlango wa abiria kutoka ndani, akabaki ameinama hivyo, uso chini, kwa kuwa hakuwa na uso wa kuinua.

Kiti kilibonyea. Mlango ukafungwa. Kengele ikalia, ting, ting, kisha mkanda ukavutwa polepole karibu na sikio lake, na chuma kikaingia mahali pake, tak. Kengele ikanyamaza. Nyuma, kishikio kilichokuwa mapajani mwa Emérence kilipoa ghafla.

"Karibu, shemeji," Emérence alisema.

Ni safari ya saa tano na zaidi mpaka Buffalo, na Emérence aliongea njia nzima. Alieleza jinsi Jolie alivyozaliwa porini njia ya Walungu, jinsi walivyoishi Nyarugusu, jinsi baridi ya Amerika inavyoingia mifupani. Alikuwa akiuliza swali, ananyamaza kidogo, halafu anaitikia, na kuna mahali, walipokuwa wakipita Erie, alicheka. Lakini Emérence hakumsemesha mumewe hata neno moja. Nshombo aliendesha macho mbele, na kioo cha kulia hakukitazama.

Rudasingwa alikuwa akiwangoja nje ya nyumba, kofia mkononi, pamoja na wanaume wengine watatu. Nshombo alishuka wa kwanza, akawaendea na mkono ameunyoosha. Hawakuupokea. Walimpita kwa heshima, wakainamisha vichwa, wakaenda upande wa abiria, kwa sababu mahali popote watu wakifika, mnaanza kumsalimia mkubwa.